Visanduku vya Maji vya Bugarama

Watu wa Kamembe wananiuliza muntu anastaafu namna gani nywele zikiwa bado nyeusi. Ninawajibu kwamba nywele hazikuwa sehemu ya kazi. Kazi ilikuwa ya macho, na macho yangu sasa yanaona viungo viwili vya risasi ya kulehemu mahali penye kimoja. Ukifika hapo, karakana inakuhitaji kwa ajili ya kupokea wageni tu, na kazi hiyo sijawahi kuiweza. Zaidi ya hayo, miguu yangu haitulii. Nilizaliwa Bukavu, nikasoma Uvira, nikarudi Rwanda na wazazi nikiwa kijana, na tangu hapo kila barabara ninayoiona huniudhi kidogo, kama sherehe iliyoanza bila mimi.

Ninawaandikia ninyi mnaobaki kwenye ile meza ndefu ya karakana. Sitaandika nani alipandishwa cheo na nani hakupandishwa. Mnayajua, na mnayazungumza vizuri zaidi nikiwa sipo.

Kwa mgeni atakayesoma hapa, kazi yetu ni hii. Tunatengeneza visanduku vinavyopima kitu mahali pasipo na umeme, kama kina cha maji au joto la ghala, kisha vinatuma habari kwa redio. Ndani ya kila kisanduku mna kompyuta ndogo kuliko ukucha, na ndani ya kompyuta hiyo mna mfumo endeshi, yaani programu inayoamua kila kitu kingine kiamke lini, kifanye nini, kilale lini. Simu yako nayo ina mfumo endeshi, ila ule wa simu ni kama hoteli. Wetu ni kama kibanda cha mlinzi: kiti kimoja, kitanda kimoja, na taa inazimwa ukitoka. Betri mbili za tochi zinatakiwa zikiendeshe kibanda hicho msimu baada ya msimu. Ugumu wote wa kazi umo katika sentensi hiyo.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Yusufu. Alikuwa fundi wa redio karibu na soko la Kamembe, kama baba yake, na mwenye karakana alikuwa amemwomba aje akae kwenye meza yetu kwa sababu mkono wake haukutetemeka. Nilikuja na diploma ya A2 ya elektroniki, cheti cha sekondari ya ufundi, ndani ya bahasha. Mzee aliipokea, akaitazama pande zote mbili, akafunikia nayo glasi yake ya chai ili nzi wasiingie. Kisha akanisukumia kisanduku.

"Haka kanakula betri," alisema. "Tafuta nani anakula."

Nilikiwasha, nikashika waya za mita, nikaangalia kikipima, kikituma, kikipima tena. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikamwambia sioni kosa.

"Unakaangalia wakati kanafanya kazi," alisema, kwa Kiswahili chetu cha mpakani, ambamo watu ni batu na ndiyo ni njo. "Batu bote banafanya kazi muzuri wakati unabaangalia. Kaangalie wakati kamelala."

Nilisubiri kilale. Kilikuwa kinalala huku kimeacha kipimo cha unyevu kikiwa kimewashwa, kama muntu anayelala na bomba la maji limefunguliwa. Umeme uliopotea ulikuwa mdogo sana, mita yangu ya shule isingeuona. Mita ya Mzee iliuona. Aliirithi pamoja na duka, ilikuwa na mshale badala ya tarakimu, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa akiwa na mikono yenye mafuta ya sambusa. Mpaka leo kifaa kikiwa na tatizo naanza na usingizi wake. Nawaomba nanyi mfanye hivyo, hata siku zile mkubwa amesimama mgongoni mwenu akitaka kuona taa zinawaka.

Miaka ya kwanza tulitumia laini za simu kutuma habari. Tulifunga kisanduku kimoja kando ya ziwa, Cyangugu, kwenye ghala la samaki. Betri zikafa ndani ya wiki. Tukaweka nyingine, zikafa. Niliteremka pale na kukaa nacho siku nzima, na sikulalamika, kwa sababu kutoka kwenye ukuta wa ghala lile naiona Bukavu yote, mpaka mtaa tuliokaa. Ndipo nikaelewa. Kila kilipoamka, kisanduku kilitafuta mnara wa simu, na mnara uliosikika kwa nguvu kuliko yote ulikuwa ule wa ng'ambo. Kinauita, unakikataa kwa sababu si cha kwao, kinatafuta tena, kinaurudia uleule. Kilikuwa kimesimama Rwanda na akili yote iko Congo. Nilimwambia Mzee Yusufu kwamba kwa mara ya kwanza nimetengeneza kitu kinachofanana nami. Alisema basi kikataliwe mapema, tusipoteze betri. Baada ya hapo tuliachana na laini za simu, tukahamia kwenye redio yetu wenyewe, ile inayosema polepole sana lakini inafika mbali kwa nguvu ndogo, na kituo cha kupokelea tukakiweka sisi.

Solange alikuja katika kipindi hicho, kutoka Huye, na shahada ya kompyuta. Ninyi mnamjua kama mkubwa wenu. Wakati ule alikuwa msichana aliyekaa mwisho wa meza na kuandika programu haraka kuliko mimi nilivyoweza kuisoma. Tuligombana kila siku. Yeye aliongeza, mimi niliondoa. Nilikuwa nimeufanya mfumo wetu uamke kwa muda mfupi kiasi kwamba nilijivunia kama wengine wanavyojivunia gari.

"Papa Deo," aliniambia siku moja, "ungeweza, ungeondoa hata betri."

Nilimjibu kwamba nalifikiria.

Sasa nije Bugarama, kwa sababu nilipokuwa nikiaga kila mtu aliniuliza kazi gani ilikuwa ngumu kuliko zote, na jibu ni hiyo.

Bugarama iko chini, na joto lake halijui habari za Kamembe. Ukishuka kwa pikipiki unavua koti, kisha sweta, kisha unaanza kulitazama shati lako vibaya. Pale wanalima mpunga kando ya mfereji mrefu. Kila shamba lina mlango wake, ambao ni ubao mzito unaoingia kati ya kuta mbili za zege. Ukiuinua, maji yanaingia kwako. Ukiushusha, yanaendelea kwa mwenzako wa chini. Maji ni ya zamu, toka juu hadi mwisho wa mfereji, na zamu haiishi kwa saa. Inaisha shamba likitosheka, na hilo hutegemea mvua ya milimani.

Walikuwa na desturi yao. Anayefuata alifika mapema, akakaa mlangoni pamoja na anayemaliza, hata kama ni kukaa nusu ya siku. Shamba likitosheka, anayemaliza alishusha ubao wake. Anayefuata aliweka mkono juu ya ubao ule na kusema, "Nimeshika." Wa kwanza akajibu, "Basi, naenda." Hapo ndipo aliporuhusiwa kuondoka. Maji hayakuachwa peke yake hata kidogo. Na kuugusa ubao wa mwenzako kabla ya saa hiyo ulikuwa ugomvi wa kupelekwa kwenye kamati.

Kamati ya ushirika wao iliona watu wanapoteza siku nyingi wakiwa wamekaa tu. Walituita. Tulifunga kisanduku kwenye kila mlango na kituo cha kupokelea juu ya paa la ghala. Kisanduku kilipima maji shambani. Yakitosha, kituo kilikiita kisanduku cha shamba linalofuata, nacho kikalia kwa sauti ya kuudhi inayosikika mpaka mbali. Mwenye shamba hilo alipanda hadi mlango wa juu, akashusha yeye mwenyewe ubao wa mwenzake, akarudi kufungua wake. Aliyemaliza alikuwa ameshakwenda sokoni zamani. Hakuna kukaa tena. Wote walifurahi, na sisi tulikula wali na sambaza, wale dagaa wa ziwani, kwa gharama ya kamati.

Shamba la mwisho kabisa wa mfereji lilikuwa la Maman Fébronie, mjane wa makamo, mwenye sauti isiyohitaji kituo cha kupokelea. Shamba la juu ya lake lilikuwa la Papa Juma, ambaye pamoja na mpunga alikuwa na biashara ya vitenge sokoni. Siku ya ufunguzi Papa Juma alitushukuru kuliko wote.

Wiki za kwanza kulikuwa na mawingu, kila kitu kikaenda vizuri. Kisha jua likatoka, ikawa ndiyo majira ya kupandikiza miche. Siku moja simu yangu ikalia.

"Papa Deo, kasanduku kenu kanalala."

"Kanatakiwa kalale, Maman. Njo kazi yake."

"Basi kanafanya kazi sana. Toka juzi sijaitwa. Nimepanda kwa Juma nimekuta shamba yake imekuwa ziwa, bata banaogelea, na mwenyewe hayuko, na bila kuitwa siruhusiwi kugusa ubao yake. Miche yangu inageuka rangi."

Nilishuka na Solange asubuhi iliyofuata. Tulikiita kisanduku chake kutoka ghalani, kikalia. Tukakiita tena, kikalia. Tukamwonyesha Maman Fébronie, tukarudi Kamembe tumeridhika. Alasiri akapiga simu: kimya. Nilibadilisha betri. Asubuhi kikalia, alasiri kimya. Nilibadilisha antena. Solange alidhani ni migomba, kwa kuwa majani yenye maji hunywa mawimbi ya redio, akamwomba jirani akate baadhi yake. Jirani alikata, akaomba na kisanduku kimoja cha bure kwa usumbufu. Asubuhi kikalia. Alasiri kimya. Visanduku vingine vyote vya mfereji vilisikia vizuri kutwa nzima, jambo lililotuumiza zaidi, kwa sababu ilianza kusemwa kwamba tatizo ni Maman Fébronie.

Papa Juma hakusema hivyo waziwazi. Alisema tu, "Mashini inaita batu bote. Yeye peke yake njo haisikii."

Kamati ilikaa ndani ya ghala, juu ya magunia. Mwenyekiti alinitaka niwepo. Kanuni yao ilikuwa fupi: shamba likikauka wakati wa kupandikiza, linapewa mwanachama mwingine. Palikuwa na watu waliokuwa wakingojea mashamba kwa muda mrefu, na wawili kati yao walikuwa wamekaa mstari wa mbele, wamevaa vizuri.

"Shamba ikikauka inapewa mwengine," alisema mwenyekiti. "Kanuni haiulize nani alikausha."

Maman Fébronie alisimama. "Kabla ya hii kasanduku nilikuwa nakaa pale mulangoni. Nilikaa na mama yake Juma, Mungu amurehemu. Nilikaa na Juma mwenyewe, nikamusikiliza na habari yake ya vitenge. Hakuna siku maji ilinipita. Ninyi njo mulisema tusikae."

"Sasa unataka nini, Maman?"

"Nataka nikae."

"Utakaa na nani?" aliuliza mwenyekiti. "Bengine bote kasanduku kanabaita, banaenda kazi zao."

"Mimi niko na kazi sokoni," alisema Papa Juma.

"Sisi bote tuko na kazi," alisema Maman Fébronie. "Ya kwangu inakauka."

Mwenyekiti alinitazama. Alisema kamati itakaa tena baada ya wiki moja, mlangoni pa Maman Fébronie, alasiri. Kisanduku kikiita, makosa ni ya mashini na shamba linabaki lake. Kisipoita, kanuni ni kanuni, na visanduku vyetu vyote tuviondoe turudi navyo Kamembe. Wale wawili wa mstari wa mbele waliniaga kwa heshima kubwa.

Tulipanda mpaka tukafika kwenye baridi. Hapo Solange, aliyekuwa nami kikaoni, akasema, "Tunapoteza shamba ya muntu, Papa Deo."

Mzee Yusufu wakati huo alikuwa ameacha kazi, ila alikuja karakana kunywa chai, kwa kuwa nyumbani hawakumruhusu sukari. Tulimweleza yote. Alikuwa na swali moja tu: kati ya asubuhi na alasiri, nini kinabadilika kwake na hakibadiliki kwa wengine?

Solange aliinua kichwa. "Kivuli," alisema.

Ilikuwa kweli. Milango yote ya juu ilikuwa na mti au migomba karibu. Mlango wa mwisho ulikuwa wazi kabisa, na ile migomba ya jirani iliyokuwa ikiupa kivuli kidogo tulikuwa tumeikatisha sisi wenyewe. Tena visanduku vile tulivifunga ndani ya makasha ya bati ili watu wasiibe betri. Saa nane mchana usingeweza kuweka mkono juu ya kasha lile.

Karibu na karakana palikuwa na maman anayefuga vifaranga. Tuliazima taa yake ya kupashia joto, tukampa ahadi kwamba vifaranga havitapata mafua. Tulichukua visanduku viwili, tukaviagiza viwashe taa ndogo nyekundu kwa wakati mmoja, tena na tena. Kimoja tukakiacha mezani. Kingine tukakiweka ndani ya katoni chini ya ile taa, tukatoboa tundu la kuchungulia. Mwanzoni taa mbili nyekundu ziliwaka pamoja. Tuliendelea na shughuli nyingine. Baadaye Solange aliniita. Ya mezani iliwaka, na ya kwenye katoni ikaifuata nyuma kidogo, kama muntu anayeitikia kwaya bila kujua wimbo. Kufikia saa sita kila mmoja chumbani aliweza kuona pengo.

Niwaeleze vizuri, kwa sababu litawarudia siku moja. Saa ya kisanduku ni fuwele ndogo inayotetemeka, na mfumo unahesabu mitetemo. Ikipata joto sana, inatetemeka polepole. Kwa muntu mwenye saa ya mkononi kuchelewa huko si kitu. Lakini kisanduku chetu kililala karibu muda wote, kikaamka kwa kitambo kifupi kusikiliza kama kituo kinakiita, kikalala tena. Kituo nacho kiliita katika kitambo hichohicho, mara moja tu kwa kila zamu, na zamu ya Papa Juma ilikuwa ikiisha alasiri. Kila alfajiri kilikaa macho muda mrefu zaidi ili kurekebisha saa yake, ndiyo maana asubuhi kilikuwa kizima. Jua likipanda, saa ilianza kuchelewa, na kufika alasiri kilikuwa kinaamka wakati kituo kimeshamaliza kuita. Hakuna kilichoharibika. Walikuwa wawili waliopanga kukutana sehemu ileile, mmoja anaondoka kabla ya mwingine kufika, kila siku.

Solange alitaka mambo mawili. La kwanza, kisanduku kipime joto lake chenyewe na kuirekebisha saa kwa kukadiria. Hilo sikulipinga. La pili, kiamke kabla ya wakati na kukaa macho baada ya wakati, na kadiri kinavyopitisha muda mrefu bila kukisikia kituo, ndivyo kikae zaidi. Hilo nililipinga kwa nguvu. Nilikuwa nimetumia miaka kuondoa kila kitambo cha kukaa bure, na sasa anarudisha kukaa bure ndani ya mfumo, tena kwa jina rasmi.

"Betri hazitafika msimu tuliowaahidi," nilimwambia.

"Papa Deo, unataka betri ikae ao maji ifike?"

"Byote."

"Kila muntu anataka byote. Chagua."

Mzee Yusufu alikuwa anachuja chai yake. Nilitoka nje, nikasimama barabarani mahali ambapo ndege za uwanja wa Kamembe zinapita chini, nikamkumbuka Maman Fébronie kati ya magunia. Muntu huyo hakuwa ameomba mashini bora. Alikuwa ameomba kukaa. Watu wale hawakuwahi kuwa na saa zinazolingana. Walifika mapema na kungojeana, na maji yakafika mwisho wa mfereji miaka yote hiyo. Sisi tuliuondoa ule ungojeaji katika maeneo yote mawili, kwenye mfereji na kwenye mfumo, na pote pawili tuliuita hasara.

Nilirudi ndani nikamwambia aandike. Sehemu ile ya programu inaitwa "kukaa" mpaka leo. Msiibadilishe jina.

Tuliongeza na kitu kingine, nacho ndicho kilichomuudhi Papa Juma. Kituo sasa kingeita shamba likikaribia kutosheka, si likishatosheka. Na tuliweka kitufe kwenye kila kisanduku. Anayefuata akishika ubao wa anayemaliza, anabonyeza kilicho hapo. Mpaka abonyeze, visanduku viwili vinalia pamoja, cha anayefuata na cha anayemaliza, na kile cha anayemaliza ndicho chenye sauti kubwa.

"Sasa munanifunga kamba," alisema Papa Juma nilipomwonyesha.

"Ndefu, Papa. Inafika mpaka sokoni."

"Inafika, lakini inanivuta."

Solange alitembea mfereji mzima na kompyuta yake chini ya mwavuli, akikiunganisha kila kisanduku kwa waya na kukipa programu mpya. Mimi nilimfuata na ndoo ya rangi nyeupe, nikipaka makasha yasivute joto. Kazi hiyo haikuhitaji macho makali, na niliifurahia kuliko nilivyokiri. Jirani aliuliza kama migomba yake itarudi.

Siku ya kamati jua lilikuwa kali makusudi. Walifika karibu wote, na wale wawili waliovaa vizuri. Maman Fébronie alikuwa amekaa kwenye ukingo wa zege, miguu majini. Nyuma yake sehemu kubwa ya miche ilikuwa ya manjano, na pembeni ilikuwa imekufa. Papa Juma alikuwa mlangoni kwake, juu kidogo, akijifanya anasafisha mfereji. Tulingoja. Solange alisimama mbali na kompyuta ili asionekane anaibonyeza. Mwenyekiti alijifuta shingo. Muntu mmoja akasema hata yeye asiye mashini angekuwa amelala kwa joto hili.

Kisanduku kililia.

Kilikuwa kibaya zaidi kuliko nilivyokumbuka, sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Na cha Papa Juma kikadakia. Maman Fébronie hakukimbia. Alivaa kandambili zake, akapanda, akamkuta Papa Juma amesimama na ubao mikononi, akingoja. Waliangalia shamba pamoja kwa muda, wakabishana kidogo juu ya kona moja ambayo bado ilikuwa kavu. Kisha Papa Juma aliushusha. Maman Fébronie aliweka mkono juu yake.

"Nimeshika."

"Basi, naenda," alisema Papa Juma, na hakwenda.

"Bonyeza kwanza, Maman," nilimwambia, "tutakuwa viziwi."

Alibonyeza. Kimya kilichofuata kilikuwa cha kupendeza sana. Maman Fébronie aliteremka, akainua ubao wake, na maji yakapita mlango wa Papa Juma, yakashuka, yakaingia kwake polepole, rangi ya chai ya maziwa.

Mwenyekiti alisema shamba linabaki la mwenyewe. Miche iliyokufa ilikuwa imekufa. Papa Juma alikuwa na mabaki ya miche kwenye kitalu chake, akaileta siku ya pili bila kuulizwa, akapandikiza mstari mmoja, kisha akasema mgongo wake ni wa kuuza vitenge. Mavuno ya Maman Fébronie msimu ule yalikuwa madogo. Alituletea mchele kidogo karakana, na akatuomba msamaha kwa uchache wake, jambo ambalo Solange hakulisahau. Betri, kwa wanaotaka kujua, hazikufika muda tulioahidi. Zilipungukiwa kidogo. Hakuna aliyelalamika isipokuwa mimi.

Baada ya hapo nilifanya kazi nyingine nyingi, na baadhi mnazijua kwa sababu mlikuwepo. Mzee Yusufu alifariki kwake, Kamembe, na mita yake ya mshale iko kwenye droo ya kushoto. Msiishike na mikono ya mafuta.

Siku yangu ya mwisho nilimpa Solange ufunguo wa droo, nikamwonyesha visanduku vitatu vilivyokuwa mezani na kila kimoja kinaumwa nini. Nilikuwa nimeshavaa mkoba. Sikuondoka mpaka alipokaa kwenye kiti changu, akachukua cha kwanza, akaanza kukiangalia kikiwa kimelala.

Kisha nilishuka Bugarama, ingawa safari yangu ni ya upande mwingine kabisa: Nyamasheke, Karongi, kando ya ziwa kadiri litakavyoendelea. Niliwakuta mlangoni, Maman Fébronie na Papa Juma, wamekaa kwenye ukingo wanamenya karanga. Kisanduku kililia, Maman Fébronie akabonyeza bila kuinua kichwa. Zamu ilikuwa bado kidogo.

"Ule mukoba ni wa wapi?" aliuliza Maman Fébronie.

"Nimeacha kazi, Maman. Natembea."

"Kwenda wapi?"

"Karongi. Kisha nitaona."

Alimenya karanga moja, akaila. "Na ule anakufuata, amefika?"

"Amefika."

"Ameshika?"

"Ameshika."

"Basi," alisema, akanisukumia karanga zilizobaki, "enda."